Fisi wa Digger: Kisa cha Kale Kinachostahili Kusomwa

Mwalimu mwenzangu, ukidokezewa kiini cha kisa hiki huenda ukakipuuza. Mhusika anapotea, anajikuta ugenini, anatafuta njia ya kurudi kwao. Motifu hiyo ya safari tumeifundisha katika ngano na tendi hadi imetuchosha. Hata hivyo, nakusihi uisome Digger, hadithi ya katuni ya Mmarekani Ursula Vernon, iliyotolewa mtandaoni kidogo kidogo kati ya 2003 na 2011. Ilitunukiwa Tuzo ya Hugo mwaka 2012, lakini katika mijadala yetu ya fasihi haitajwi, pengine kwa sababu katuni tungali tunaziona burudani ya watoto.

Mhusika mkuu ni wombati, mnyama wa Australia aishiye mashimoni. Ni wa kike, mhandisi wa mahandaki, na silaha yake ni sululu. Hapendi uchawi wala miungu. Basi mwandishi, kwa kejeli ya makusudi, anamzua ndani ya hekalu la Ganesh, na sanamu inaanza kumsemesha.

Utamu wenyewe umo katika fisi. Katika hurafa zetu fisi ni mlafi na mpumbavu. Sungura humcheza shere, nasi tunacheka. Vernon anawasawiri fisi kama jamii yenye sheria, ibada na utawala wa wanawake (na ni kweli kwamba fisi madoa wa kike ndio watawala wa kundi). Wafu wao huwala kwa heshima. Miongoni mwao yupo Ed, aliyetengwa na kunyang'anywa jina baada ya kumuua mkewe ili kumnusuru mwanawe. Je, alitenda haki? Kabila lina jibu lake, na msomaji anaachwa atafute lake. Lugha ya Ed ni ya kukatikakatika, kama ya mtu aliyekaa miaka bila wa kuzungumza naye, na hapo mtindo unabeba maudhui bila maelezo ya ziada.

Yupo pia mtoto-kivuli, kiumbe asiyejua wema wala ubaya, anayemuuliza Digger maswali mfululizo. Kwa nini kuua ni vibaya ilhali kila mtu hula? Digger anababaika kujibu. Mwalimu yeyote ataitambua hali hiyo.

Dosari zipo. Mazungumzo mengine yanarefuka kupita kiasi, na michoro, japo mizuri ya nyeusi na nyeupe mithili ya chapa za ubao, huwa na giza zito mahali pengine. Isitoshe, imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo haiwezi kuwa kitabu cha kiada katika somo letu. Ninavyoona mimi, itafaa madarasa ya juu unapofundisha usawiri wa wahusika: wasimulie wanafunzi kisa cha Ed, kisha uwarejeshe kwa fisi wa ngano za nyumbani kwao na uwaulize ni nani aliyemsimulia fisi huyo, na kwa faida ya nani.