Pigo Maalumu Bila Mhusika

Mwanafunzi akitakiwa abuni mpiganaji wa mchezo wa video, aghalabu humpa moto, radi na upanga, kisha humkutanisha na mashujaa wa michezo mingine kumi apate kuwashinda wote. Nguvu zimejaa tele, mhusika hayumo. Kasoro hiyo twaikuta pia katika hadithi wanazotuandikia darasani, na kwa sababu hiyo yafaa mwalimu wa lugha aichunguze.

Tuanze na Street Fighter II, mchezo uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1991. Pigo maalumu humo aghalabu halitoki kwa kubonyeza kitufe kimoja tu, bali mchezaji hukielekeza kijiti cha kuongozea kwa mfuatano uliowekwa, ndipo abonyeze. Ili Ryu arushe Hadoken, yaani ngumi ya wimbi, kijiti hushushwa chini, hupitishwa mshazari na kuishia mbele, kisha hubonyezwa kitufe cha ngumi: mkono wa mchezaji umefanya kama unaosukuma kitu. Guile, mwanajeshi wa Marekani, ni kinyume chake. Ili arushe kombora lake, kijiti sharti kivutwe nyuma na kushikiliwa kitambo kabla ya kusukumwa mbele. Kwa hiyo Guile anayemkimbilia adui amejinyang'anya silaha. Zangief, mpiga mieleka wa Kirusi, huhitaji kijiti kizungushwe duara zima, tena adui awe karibu naye. Kazi yake yote, basi, ni kukaribia, na safari hiyo ya hatua chache chini ya makombora ndiyo tamthilia yake. Hakuna aliyetueleza kwa maneno kwamba huyu ni mwenye subira na yule ni mshupavu. Fani imebeba maudhui.

Tena pigo lina gharama. Shoryuken, ngumi ya joka linalopaa, ikikosa, Ryu hubaki hewani asiweze kujikinga, na adui humngoja atue.

Kuhusu kuwakutanisha wahusika wa michezo mbalimbali, mfano bora kwangu ulianza kama ugomvi. Takashi Nishiyama, aliyeongoza utengenezaji wa Street Fighter ya kwanza (1987), alihamia kampuni ya SNK. Mwaka 1992 SNK ilitoa Art of Fighting, na shujaa wake, Ryo Sakazaki, alifanana mno na Ryu na Ken. Capcom haikujibu kwa pigo kubwa zaidi. Katika Street Fighter Alpha ya mwaka 1995 ilimleta Dan Hibiki, mwenye vazi la waridi na kombora linalofia karibu na kiganja. Katika toleo la pili, mwaka 1996, akaongezewa pigo kuu ambalo ni kebehi tupu: anajitapa huku yu wazi kupigwa. Wasomaji waliozoea mashairi ya majibizano wataitambua mbinu hii ya kumjibu mwenzako kwa vina vyake mwenyewe. Dan na Ryo walipokutanishwa katika Capcom vs. SNK 2, mwaka 2001, mzaha ulimkuta mlengwa wake.

X-Men vs. Street Fighter (1996) ulishika njia nyingine. Humo Ryu aliruka juu kupita kiasi, na kombora lake kuu likageuka mwali mpana wa kutanda kioo. Inapendeza macho, nakiri, lakini mgeni amevaa nguo za mwenyeji hata sura yake imepotea. Akuma alitendewa haki zaidi katika Tekken 7, toleo la nyumbani la mwaka 2017. Alikuja na makombora yake, tena akapewa sababu ya kuja: Kazumi Mishima alikuwa amemwomba amuue mumewe Heihachi na mwanawe Kazuya.

Mwalimu atakayelijaribu zoezi hili asiwaulize wanafunzi pigo lao lina nguvu kiasi gani. Awaulize likikosa litamfikisha wapi mwenye kulipiga, na huyo mgeni waliyemwalika kutoka mchezo mwingine ana deni gani na mwenyeji.