Sita kumi na moja za Afridi: ni uwanja au ni mkono?

Tarehe 4 Oktoba 1996, kwenye uwanja wa Nairobi Gymkhana, Shahid Afridi wa Pakistan alifikisha mikimbio 100 dhidi ya Sri Lanka kwa mipira 37 tu, akatolewa akiwa na 102. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara yake ya kwanza kupiga katika mechi ya kimataifa ya kriketi. Siku mbili kabla alicheza dhidi ya Kenya na zamu haikumfikia. Alipiga sita 11 (mpira ukivuka mpaka bila kugusa chini) na nne 6 (ukivuka baada ya kugusa chini), yaani mikimbio 90 ilitokana na mipira iliyovuka mpaka, na kwa miguu yake alikimbia 12 pekee. Wasioshangaa husema Nairobi iko juu, hewa ni nyepesi na Gymkhana ni uwanja mdogo. Hoja ya hewa ina ukweli wake: mpira uleule, kwa pigo lilelile, ungeanguka karibu zaidi hapa Malindi, usawa wa bahari, kuliko kule kwenye mita zaidi ya 1,600. Lakini hewa hiyo waliivuta wote. Mwenzake Saeed Anwar alipata 115 na Aravinda de Silva wa Sri Lanka 122 siku hiyohiyo, na kila mmoja alihitaji mipira zaidi ya 100.

Hoja ya udogo wa uwanja ni nzito zaidi, na besiboli ya Marekani inatupa kipimo chake. Mwaka 1884 Ned Williamson wa Chicago alivusha mpira nje ya uzio mara 27, rekodi iliyodumu hadi Babe Ruth alipofikisha 29 mwaka 1919. Uzio wa Chicago ulikuwa karibu mno, na mwaka uliotangulia mpira ukiuvuka mpigaji alipewa vituo viwili tu. Kanuni ilipobadilishwa, Williamson akatoka mara 2 hadi 27, na 25 kati ya hizo alizipiga nyumbani. Timu ilipohamia uwanja mwingine mwaka 1885, alipata 3. Hapo kweli aliyepiga ni uzio. Sasa mpeleke Afridi kwenye mizani hiyohiyo: alizunguka viwanja vya dunia karibu miaka ishirini, na alipoacha mechi za siku moja mwaka 2015 alikuwa na sita 351, nyingi kuliko mchezaji yeyote wakati huo.

Kuna pia wanaolitaja gongo, kwa kuwa alilotumia lilikuwa la Sachin Tendulkar wa India, alilopewa na mwenzake Waqar Younis. Gongo zito husaidia, ila halichagui mpira. Afridi aliwashukia zaidi warushaji wa taratibu, na Sanath Jayasuriya wa Sri Lanka aliruhusu mikimbio 94 katika ova zake kumi (mipira sita kila moja). Mpira wa taratibu hauleti nguvu nyingi, kwa hiyo mpigaji lazima aitoe mwilini mwake. Lakini humpa nafasi ya kuusogeza mguu wa mbele kando, mikono ikapita huru na mpira ukachotwa kutoka chini. Anayepiga hivyo akikosea hata kidogo hunaswa mpakani, ndiyo maana wengi hawathubutu. Afridi alichukuliwa Nairobi kama mrushaji, akapandishwa nafasi ya tatu ili apige bila breki; kutolewa mapema kusingemgharimu kitu. Uwanja ulimwongezea mita chache, basi. Rekodi yake ya kufikisha mikimbio 100 kwa mipira michache zaidi katika mechi za siku moja ilivunjwa tarehe 1 Januari 2014, Corey Anderson wa New Zealand alipotumia mipira 36.