Mota ya Kati Imeumeza Mlima wa Ngong!

Hatimaye! Nimeziendesha pikipiki mbili za umeme, moja baada ya nyingine, zote za kilowati 3, na moyo bado unadunda. Ya kwanza mota yake imo ndani ya gurudumu la nyuma. Ya pili mota imekaa katikati ya fremu na inavuta gurudumu kwa cheni. Kwenye karatasi ni mapacha. Barabarani ni vyombo viwili tofauti kabisa!

Kwenye tambarare, mota ya gurudumu ni raha tupu. Haina cheni ya kutiwa oili wala spoketi ya kulika, na imetulia kiasi kwamba unazungumza na abiria bila kupaza sauti. Ila mashimo unayahisi hadi mgongoni, kwa kuwa uzito wa mota wote uko gurudumuni, shokamzoba hazina la kuupunguzia. Pancha nayo ni kazi: lazima uchomoe nyaya kwanza ndipo ung'oe gurudumu.

Kisha tukaingia Ngong, ule mwinuko wa kutoka mjini kwenda kwenye mitambo ya upepo, abiria akiwa nyuma. Lo! Mota ya kati ilipanda kwa nguvu ileile mwanzo hadi mwisho! Siri ni spoketi: gurudumu likizunguka mara moja, mota imezunguka mara tano, hivyo nguvu ya kusokota inafika kwenye tairi ikiwa imezidishwa karibu mara tano. Mota ya gurudumu haina msaada huo. Inabidi ivute mkondo mkubwa, na mkondo ukiongezeka mara mbili, joto kwenye nyaya za shaba huongezeka mara nne. Katikati ya mlima kontrola ikaanza kupunguza nguvu ili mota isiungue.

Hukumu yangu? Mombasa au Kisumu mjini, chukua ya gurudumu, utaipenda. Ngong, Limuru au Kigali, kwa mtu anayebeba abiria na mizigo kutwa, mota ya kati haina mpinzani. Ukifika dukani usibabaishwe na kilowati za kilele zilizoandikwa kwa herufi kubwa. Uliza kilowati ambazo mota inaweza kuzitoa mfululizo bila kupata moto kupita kiasi, kisha omba kuijaribu mlimani, ukiwa na abiria.