Saiprasi Chini ya Rangi

Kwenye karakana za mabati za Kimbo, upande wa Ruiru, kitanda chenye rangi ya mahogani mara nyingi ni saiprasi. Ukimuuliza fundi mwaminifu atakwambia, na bei itakuwa imeshakwambia. Sioni aibu yoyote hapo. Saiprasi ilitoka Mexico na Amerika ya Kati, ikapandwa katika misitu ya serikali tangu enzi za ukoloni, na imebeba mapaa na vitanda vya Kenya kwa vizazi. Ninachokistahi ni jicho la fundi anayeutambua ubao hata ukiwa umeshapakwa.

Huanzia pale ambapo brashi haikufika: chini ya kiti, nyuma ya kabati, ndani ya droo. Kisha hutazama kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokata. Mahogani, mvule na mkaratusi vina vitundu vidogo vinavyoonekana kwa macho. Saiprasi na paini havina. Utaona pete tu. Saiprasi ni nyepesi, ya manjano iliyoelekea kahawia, na ikipigwa randa harufu yake hujaza karakana. Paini hunuka utomvu. Grevilea, ambayo wakulima wa Kiambu huiita mubariti, ina madoa yanayong'aa kama magamba ya samaki.

Linalonivutia zaidi ni tabia ya rangi yenyewe. Kila pete ya paini ina sehemu laini nyeupe na mstari mgumu ulioiva. Ile laini hunywa steini, yaani rangi ya mbao, kwa pupa, ngumu huikataa. Kwa hiyo iliyokuwa nyeupe huwa nyeusi kuliko jirani yake, na mistari yote hugeuka. Kwenye saiprasi mgeuko huo ni hafifu, lakini upo. Karibu na kifundo nyuzi hupinda, zikafyonza kupita kiasi na kuacha mabaka. Fundi stadi hulijua hilo mapema: hupiga msasa kwa kufuata nyuzi, hutanguliza sila nyepesi ya kupunguza ufyonzaji, hupaka steini na kuifuta kwa kitambaa kabla haijakauka. Vanishi huja mwisho.

Ujuzi huo ulihitajika zaidi kuanzia Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, marufuku ambayo Rais Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023. Miti ya mashambani na paini ya Tanzania zikawa tegemeo, na baadhi ya mbao zilifika mbichi.

Ubichi ndio ninaouogopa, kuliko jina lolote la mti. Steini huuficha vizuri, kisha kitanda kikishazoea chumba mbao husinyaa, viungo hulegea. Fundi hunyanyua mbao mbili za kipimo kimoja na kuzilinganisha uzito. Ile nzito huilaza kivulini juu ya vijiti, hewa ipite kote, na mteja huambiwa asubiri. Mimi ningesubiri.