Utaji juu ya Tarakimu

Aliyepata kushika daftari la hali ya hewa anajua kwamba kipimajoto nacho huugua, na siku ya ugonjwa wake mtambo, usiopenda kuacha pengo katika safu, huandika -9999, adadi ambayo hakuna mwenye akili timamu atakayeidhani kuwa ni joto. Kompyuta haina akili hiyo: ipe 29, 31, -9999 na 30, uitake wastani, nayo itakujibu pasipo haya kuwa ni -2477.25.

Dawa impitikiayo mtu kwanza ni kuifuta adadi ile. Lakini safu ikipungua, joto la Jumanne hukaa mahali pa Jumatatu, na safu ya mvua iliyokuwa sambamba nayo haioani nayo tena. Ile NaN, yaani "si namba", ya kanuni ya IEEE 754, ya mwaka 1985, yafaa kwa desimali, ila safu ya namba kamili haina nafasi ya kuihifadhi, tena huambukiza: moja tu yatosha kuibatilisha jumla nzima.

Watunzi wa NumPy, maktaba mashuhuri ya hesabu katika lugha ya Python, wametupa njia ambayo kwangu ina adabu zaidi, nayo ni kuiacha adadi pale pale ilipo na kuivika utaji. Kando ya safu ya tarakimu huwekwa safu ya pili, sawa nayo kwa ukubwa, isiyo na kitu ila kweli na uongo; penye kweli, hesabu hupita bila kutazama. Agizo ni moja, ma.masked_equal, lipewe safu pamoja na -9999, na wastani hurejea kuwa 30.

Hapo pana mtego, wala mimi sikusalimika nao. Katika kuchagua tarakimu, kweli maana yake ni "chukua". Katika utaji, maana yake ni "ficha". Niligeuza, nikaletewa wastani wa -9999 kamili, maana nilikuwa nimesitiri vipimo vyote vilivyo sahihi na kuyaacha makosa peke yake uwanjani.

Taksiri kubwa zaidi ni kwamba utaji huanguka kimyakimya. Safu ikipitia np.asarray, ambayo kazi nyingi za watu huiita ndani kwa ndani, hutoka kichwa wazi, na -9999 iko pale pale kama awali. Kwa hiyo, kabla ya kumkabidhi mwenzangu safu, huita filled, ijazayo penye utaji adadi niliyoitaja mwenyewe, nikaiandika adadi hiyo katika mstari wa kwanza wa faili.