Vipokezi 231 vya Ladha Ndani ya Kiwavi Mmoja!

Mia mbili thelathini na moja! Hizo ndizo jeni za vipokezi vya ladha zilizohesabiwa ndani ya kiwavijeshi vamizi, huyu huyu aliyegunduliwa Afrika Magharibi mwaka 2016, akavuka bara zima, na mwaka uliofuata akawa tayari anatafuna mahindi ya Kenya na Tanzania. Nimeifungua kwa mara ya kwanza ripoti ya jenomu yake, iliyochapishwa Septemba 2017 katika jarida la Scientific Reports na kundi la watafiti lililoongozwa kutoka Ufaransa, na tangu hapo kila ninayekutana naye lazima anisikilize. Nondo wa hariri, ambaye kiwavi wake hula majani ya mforsadi basi, ana jeni takribani 70 za aina hiyo. Sisi binadamu, pamoja na viungo vyote vya mapishi yetu, vipokezi vyetu vya uchungu ni takribani 25.

Soma tena namba hizo, kwa sababu zinapindua picha tuliyozoea. Mdudu huyu anajulikana kula zaidi ya aina 350 za mimea: mahindi, mtama, mpunga, pamba, nyanya, karibu kila kinachochipua. Kwa hiyo tunamwita mlafi, tukidhani hachagui. Jenomu inaonyesha kiumbe mwingine kabisa! Huyu ni mwonjaji wa hali ya juu, na ulafi wake unakwenda sambamba na uwezo wa kuonja ambao nondo wenye chakula kimoja hawana hata theluthi yake.

Mtazame kwa karibu. Usoni ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia madoa manne meusi yanayofanya mraba. Kwa alama hizo mkulima humtofautisha na viwavi wengine. Sasa shuka mdomoni, kwa hadubini. Pembeni mwa taya, kila upande, kuna vijiti viwili vidogo mno. Kila kijiti kina tundu moja nchani, na ndani yake zimo seli nne za neva za kuonja. Jani likiumwa, utomvu unaingia kwenye tundu, na uamuzi unafanyika papo hapo: endelea kula au acha. Akishakuwa nondo, jike huonja hata kwa miguu. Hutua juu ya jani, akaligusagusa, na ndipo hutaga fungu la mayai mia moja au mia mbili, akalifunika kwa magamba ya mwili wake.

Kilichonifanya nisimame kwenye kiti ni namna jeni hizo zilivyoongezeka. Nyingi zimejipanga bega kwa bega kwenye kromosomu, zimebanana kama ndizi kwenye chane, kwa sababu zilizaliwa kwa kunakiliwa papo hapo zilipo. Jeni moja hunakiliwa kimakosa, nakala hukaa jirani na mama yake, kisha kila moja hubadilika kidogo kidogo kwa njia yake. Rudia hivyo kwa mamilioni ya miaka, na una ukoo mzima. Watafiti wanaona huenda hiyo ndiyo njia iliyomwezesha mdudu huyu kuhama kutoka mmea hadi mmea.

Na tazama ni ukoo gani uliopanuka! Vipokezi vya sukari na vya hewa ya ukaa vimebaki vichache, kama kwa nondo wengine. Uliofurika ni upande wa uchungu. Hapo nilipiga makofi peke yangu. Uchungu ndiyo silaha ya mimea. Mahindi machanga yenyewe yana sumu iitwayo DIMBOA, na kila jamii ya mmea ina yake. Anayekula mimea mingi anakutana na sumu nyingi, basi anahitaji kuzitambua nyingi. Ndani ya jenomu hiyo hiyo zimefurika pia jeni za kuvunja sumu. Kuonja na kuvunja vimekua pamoja, ndani ya mdudu mmoja! Mlinganishe na mbung'o, ambaye jenomu yake ilitoka mwaka 2014: ana vipokezi vya ladha 14, na vya sukari hana hata kimoja, maana chakula chake ni damu tu.

Harufu nayo ina sura yake, ingawa kwa idadi haitishi: vipokezi 69, sawa na nondo wengi. Uzuri wake uko kwenye utendaji. Molekuli ya harufu hupenya vitundu vya unywele ulioko kwenye kipapasio, hubebwa na protini ndani ya majimaji, na hufika kwenye kipokezi kilichopachikwa kwenye ngozi ya seli ya neva. Kipokezi hicho huwa kimeungana na mwenzake aitwaye Orco, na wawili hao kwa pamoja ni mlango. Harufu ikigusa, mlango hufunguka, ayoni hupita, neva inapiga! Pua yetu hupitisha ujumbe kwa mlolongo wa protini kadhaa kwanza. Mdudu amefupisha njia.

Orco akiondoka je? Mwaka 2016 watafiti wa Ufaransa waliikata jeni yake kwa CRISPR, mkasi wa kuhariri jeni, katika nondo ndugu wa huyu, Spodoptera littoralis, adui wa pamba. Madume hawakuitikia tena harufu ya majike, harufu za mimea hazikunuswa, na kujamiiana kukashindikana. Jeni moja tu!

Ukitaka kupima safari tuliyotembea, kumbuka kwamba mwaka 1959 Adolf Butenandt wa Ujerumani alihitaji nondo wa hariri nusu milioni ili apate miligramu chache za harufu ya jike. Leo mkulima anatundika mtego wenye chambo kilichotengenezwa kiwandani. Katika chambo cha kiwavijeshi vamizi kiungo kikuu ni asetati yenye mnyororo wa kaboni 14, lakini ukiiacha ile ndogo ya kaboni 12, inayotiwa kwa kiasi kidogo sana, madume ni wachache watakaokuja. Nalipenda jambo hilo kupita kiasi: tone la pembeni ndilo linaloamua.

Ripoti ina sehemu niliyoisoma harakaharaka, ile ya mbinu za kuunganisha vipande vya jenomu, na vipande vyenyewe vilikuwa vingi mno. Jenomu zilizopangwa hadi ngazi ya kromosomu zilitoka mwaka 2020, na ni bora. Ina pia sehemu inayodai jicho la pili. Kiwavijeshi vamizi ana makundi mawili yanayofanana kwa macho, moja la mahindi na jingine la mpunga. La kwanza lina vipokezi vya ladha 231, la pili 230. Idadi ni karibu ile ile, ila baadhi ya jeni za kuhisi kemikali zinaonyesha dalili za kuteuliwa na maumbile.

Mashambani, kutumia hisi za mdudu dhidi yake kumeshaanza. Mfumo wa vuta-sukuma ulioendelezwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, mmea wa desmodium katikati ya mahindi wa kusukuma nondo na majani ya brachiaria pembezoni ya kuwavuta, ulipimwa Kenya, Uganda na Tanzania, na matokeo ya mwaka 2018 yalionyesha viwavijeshi vamizi wakipungua kwa asilimia 82.7 kwa kila mmea. Hebu fikiria mfumo kama huo ukichaguliwa mimea yake kwa kujua kipokezi kipi kinaguswa na nini!

Hukumu yangu: hii ni miongoni mwa ripoti tamu kuliko zote zilizowahi kuandikwa kuhusu mdudu wa shambani, na kuisoma hakuna malipo. Ni vipokezi vichache tu kati ya vile 231 ambavyo kazi yake imekwisha kupimwa maabara. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya SUA, Egerton na Makerere, mahindi yanayoliwa ni yetu: chagueni kipokezi kimoja, mkifanyie kazi.