Nani Alimuuliza Baba Yake Maria? Mipaka ya Ugunduzi katika Filamu Mbili za Zamani

Tumezoea kuhakiki filamu za kubuni za kisayansi kwa swali moja: je, mwanasayansi ana haki ya kugundua kila kitu? Katika makala haya nadai kwamba swali hilo halitoshi. Lipo zito zaidi: nani atalipa gharama ya ugunduzi, na je, aliambiwa mapema?

Tuanze na Frankenstein, iliyoongozwa na James Whale mwaka 1931. Wengi humlaumu Henry Frankenstein kwa kujifanya Mungu. Sawa, lakini hebu tazama mtiririko wa matukio. Kiumbe alichokiunda kinamuua Maria, mtoto wa mwanakijiji, kando ya ziwa. Baba mtu anapita na maiti mikononi katikati ya watu wanaosherehekea harusi ya huyohuyo Henry. Wanakijiji hawakujua kilichokuwa kikipikwa kule mnarani. Habari ya kwanza waliyoipata ni maiti. Na filamu inaishaje? Baba yake Henry ananyanyua glasi ya mvinyo na kuitakia nyumba yake mtoto wa kiume. Maria hatajwi tena! Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kasoro kubwa ya kimaadili.

Godzilla ya Ishirō Honda (Japani, 1954) inakwenda hatua moja mbele. Tarehe 1 Machi mwaka huohuo Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, na wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa mbali baharini wakaangukiwa na majivu yenye mionzi. Katika filamu, majaribio ya mabomu ndiyo yanayoamsha dude. Dakta Serizawa amegundua kitu kinachoweza kuliua, ila anaogopa wakubwa wakikijua watakigeuza silaha. Basi anachoma karatasi zake, anakitumia mara moja, kisha anajikatia uhai hukohuko chini ya bahari. Huyu angalau analipa mwenyewe. Hata hivyo simpi maksi zote: uamuzi mzito namna ile unabaki mikononi mwa mtu mmoja.

Mtu atauliza, hayo yanatuhusu nini sisi wa Singida? Yanatuhusu sana. Miaka ya 2000 makampuni yalifika Manyoni kutafuta madini ya urani. Kutafuta si dhambi, wala sisemi kuna dude limetoka ardhini. Nasema tu kwamba mfugaji anayenywesha ng'ombe wake pale anastahili kujua kinachotafutwa, kwa lugha anayoielewa, kabla ya shimo la kwanza kuchimbwa. Filamu hizi mimi nazitazama nikiwa upande wake.

Wahakiki wenzangu, tunapochambua dhamira za filamu za aina hii, tusiishie kumhukumu mwenye maabara. Tuwahesabu na wanakijiji: waliulizwa lini, wakasema nini? Katika Frankenstein jibu ni jepesi. Waliitwa wakati wa kushika mienge tu.